Mkaguzi Aliyekaa Nyuma

Wakaguzi wa magari niliowaona kwingine hukaa mbele, wakashika usukani, wakakanyaga breki mara mbili tatu, wakashuka na kusaini. Mkaguzi wetu hakukaa mbele. Alimwachia dereva usukani, yeye akapanda nyuma kwenye bodi, akakaa sakafuni katikati ya mizigo, uso ameuelekeza kule gari lilikotoka. Mkono mmoja ulishika ukingo wa bodi, macho ameyafumba. Ukimwona mara ya kwanza ungedhani ni mzee aliyeonewa huruma akapewa lifti, na madereva wageni walidhani hivyo mpaka aliposhuka na kutoa chaki mfukoni.

Magari yenyewe yalikuwa maguta, hizi pikipiki za magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, zenye bodi ya kubebea mizigo. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Karibu kila siku watu waliletwa kwa njia ya ziwa kutoka Kagunga, mpakani, kwa sababu Kagunga imebanwa na milima na gari halifiki. Shirika lililoniajiri lilikuwa na yadi Kigoma mjini, na maguta yake yalibeba maji, unga, magodoro, na baadaye watu. Hakuna guta lililotoka getini bila yeye kulipitisha. Mimi nilikuwa karani wake, msichana mwenye cheti kipya na kiburi cha cheti kipya.

Niseme mapema ninachokifuata hapa, maana sipendi kumzungusha mtu. Mzee huyu aliondoka kazini akiwa na jina baya, na lile jina baya lilikuwa langu. Nilikaa nalo kimya miaka mingi. Lakini nikianza na hilo utamjua kwa msiba wake tu, na yeye alikuwa zaidi ya hapo.

Siku yangu ya kwanza nilimpelekea fomu nikiwa nimezibana kwenye ubao, nikamwambia kwamba akimaliza kulijaribu guta anieleze nijaze. Akaniangalia viatu, vilikuwa vya kisigino kifupi, kisha akanionyesha bodi. Nikapanda. Tukazungushwa mjini na dereva mmoja aliyekuwa na haraka ya kunitisha, huku Mkaguzi ananisomea maneno ya kuandika: springi ya kushoto, difu ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, taa ya breki. Tuliporudi mwandiko wangu ulikuwa kama wa kuku aliyekanyaga wino. Nikaomba fomu nyingine niandike upya vizuri. Akakataa kabisa. Akaishika ile fomu kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye mistari, akasema hapa tulipita kwenye lami, hapa tuliingia kwenye kokoto, na hapa, ambapo herufi zimeruka juu, springi ya kushoto imekufa. Kuanzia siku hiyo sikuandikia mezani. Mafaili ya yadi ile yalijaa mwandiko wa aibu, na kila aibu ilikuwa na maana yake.

Mwenyewe hakuandika kwa sababu mikono yake ilitetemeka. Ilitetemeka kwa vitu vidogo tu: kalamu, kikombe, sindano ya uzi. Akishika spana au usukani ilitulia kama ya kijana. Mhuri ulikuwa miongoni mwa vitu vidogo, kwa hiyo mihuri yake yote ilikaa upande, mingine imelala kabisa. Meneja alimtania kwamba anapitisha maguta yaliyopinduka. Mhuri wenyewe aliuweka mezani chini ya kikombe cha bati, wala hakuufungia. Kila mtu yadini alijua ulipo, na hakuna aliyeugusa.

Sikumuuliza kwao wapi. Miaka ile swali hilo liliulizwa na watu wenye fomu, na aliyeulizwa alijibu huku akimtazama askari. Aliishi Ujiji, basi. Wengine walisema ni Muha, wengine Mrundi wa zamani aliyeingia katika mafuriko ya watu ya kwanza, wengine wakaapa ni Mmanyema wa Ujiji hasa. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, na "ndiyo" yake ilikuwa "ego," neno ambalo Muha na Mrundi wote wanalo, kwa hiyo halikumsaidia mbea yeyote.

Alikuwa na vituko. Kutoka Ujiji alikuja kwa baiskeli isiyo na breki. Mtu aliyerudisha guta jipya gereji kwa sababu waya wa breki umechakaa nyuzi mbili, yeye mwenyewe alishuka mteremko akasimama kwa kuburuza katambuga zake za tairi chini, vumbi likafuka, watu wakakimbilia pembeni. Nilimwambia ni aibu. Akajibu kwamba baiskeli ile haijawahi kupakia mtu mwingine, na siku itakapopakia ataifunga breki. Soli za katambuga alizibadilisha kila baada ya miezi michache, kutoka kwenye matairi ya maguta aliyoyakataa.

Na hakula cha dereva siku ya ukaguzi. Dereva mmoja kutoka Mwandiga, kijana wa maneno mengi, alimletea migebuka mitatu minono, imefungwa kwenye gazeti, akamwambia, "Mzee, chuma iko fiti, we gonga tu." Mkaguzi akawasukuma wale samaki pembeni, akapanda nyuma, akazungushwa, akashuka, akaishika chaki kwa ngumi nzima na kuandika BADO kwenye madigadi ya mbele, lile bati la kukinga tope. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Hakuwahi kusema gari ni bovu, alisema bado. Kijana akaondoka na samaki wake amenuna. Asubuhi yake Mkaguzi akamfuata gereji na kumuuliza mbele ya mafundi wale migebuka wako wapi, maana leo si siku ya ukaguzi. Walikuwa wameshaliwa. Alisikitika kwa dhati, akalirudia jambo hilo wiki nzima.

Mara moja tu nilimuuliza kwa nini anapanda uso ameuelekeza nyuma. Nilidhani atanieleza habari za difu. Akaniambia, "Mtu aliyetoka majini haangalii anakokwenda, Karani. Anaangalia nani amebaki." Kisha akaniambia niandike kwamba tairi la kulia limeisha meno.

Sasa nifike Bangwe.

Bandari ilikuwa imejaa, ikaamuliwa baadhi ya mashua zishushe watu kwenye ufukwe mmoja upande wa Bangwe. Kutoka ufukweni hadi uwanja wa shule walikoandikishwa palikuwa na mlima mfupi mkali, wenye kona katikati. Malori hayakuweza kushuka. Shirika likaleta maguta tisa mapya, bado yana nailoni kwenye viti, na Meneja akataka yaanze kubeba watu mara moja: wazee, wajawazito, wenye watoto.

Mkaguzi aliyapandisha kwanza na magunia ya unga yenye uzito wa watu sita. Yakapanda bila shida. Akapakia wapagazi sita. Yakapanda pia, wapagazi wakicheka na kuimba. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba yote tisa yamefaulu, nimebakiza saini, nikamwona anapita kwenye madigadi moja baada ya jingine na chaki yake. Bado. Bado. Bado.

Meneja alitoka ofisini na jasho lake. Hakuwa mtu mbaya, na hili nalisema kwa makusudi. Alimuuliza kwa upole kasoro ni nini, kama magunia yamepanda na watu wamepanda.

"Magunia hayageuki nyuma," Mkaguzi akasema. "Na hawa wapagazi hawajamwacha mtu ufukweni."

Akaeleza. Kwenye ile kona katikati ya mlima, ufukwe unaonekana tena kwa chini. Waliopanda watageuka wote kwa pamoja, watasimama, watainamia ubao wa nyuma kutafuta ndugu zao kwenye foleni. Uzito wote utakwenda nyuma, gurudumu la mbele litanyanyuka, na dereva atabaki ameshika usukani usioshika kitu. Alitaka benchi la abiria lililo kwenye bodi lisogezwe mbele na fundi wa kuchomelea aweke fremu ya chuma, ya kuwazuia watu wasiegemee nyuma. Kazi ya siku tatu.

Meneja akamwonyesha ufukwe. Mvua ilikuwa imenyesha, watu wamelala mchangani na watoto wanaharisha. Siku tatu utawaambia nini hawa, akamuuliza. Mkaguzi alichukua baiskeli yake akaenda kumtafuta fundi.

Alipoondoka, Meneja akasimama mlangoni kwangu. Hakuniambia gonga. Aliniambia, "Karani, hebu fanya utaratibu, watu wanaumia." Nikatazama kikombe cha bati. Ningependa kusema niliwaza watoto tu, na kweli niliwawaza, maana asubuhi ile nilikuwa nimembeba mmoja mkononi na alikuwa mwepesi kupita kiasi. Lakini pia nilitaka Meneja anione kuwa ni mtu wa kumaliza kazi, si karani wa mzee mwenye chaki. Nikainua kikombe, nikagonga fomu tisa. Kisha nikatoka na kitambaa chenye maji nikafuta chaki kwenye madigadi.

Safari nane za kwanza zilienda salama. Ya tisa ilibeba mama mmoja Mrundi, watoto wake watatu na vikongwe wawili. Mume wake alikuwa amebaki chini kwenye foleni na vitu vyao. Walipofika kwenye kona, wote wakageuka. Dereva aliniambia baadaye kwamba alisikia usukani umekuwa mwepesi ghafla, akajua. Guta likakaa chini kwa nyuma, likasimama kwa magurudumu ya nyuma kama farasi, likaangukia ubavu. Watoto walirushwa kwenye majani wakatoka na michubuko, na vikongwe pia. Mama alibanwa na bodi, mguu ukavunjika mahali pawili.

Nilikwenda kumwona hospitali na fomu ya taarifa ya ajali. Alikuwa na Kiswahili kidogo, cha sokoni. Alikuwa ametembea kutoka kwao hadi ziwani siku nne bila hata mwiba, na mguu ukavunjikia huku alikokimbilia. Nilipomuuliza ilikuwaje, hakulaumu mtu yeyote.

"Nilikuwa natazama kama baba watoto bado yuko kwenye mstari," akasema. "Kosa ni langu, mwanangu. Niligeuka."

Nikaandika maneno yake kwenye fomu. Nikairudisha fomu yadini.

Kikao kilifanyika yadini, kesho yake, watu wote tumesimama. Wakubwa walikuwa wamekuja. Fomu ya guta lile ilipitishwa mkono kwa mkono. Wakauliza mhuri huu kagonga nani. Meneja akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni, naapa lilikuwa mdomoni, lakini lilikawia. Mkaguzi akaipokea ile fomu, akaitazama kwa muda mrefu kuliko fomu nyingine yoyote niliyowahi kumpa. Hakunitazama mimi.

"Mhuri ni wangu," akasema. "Niliuacha mezani mimi."

Wakalichukua kuwa amekiri. Hakuna aliyemuuliza zaidi, kwa kuwa jibu lile liliwatosha wote, na mimi lilinitosha kuliko wote. Aliachishwa kazi siku ileile. Alichukua kikombe chake, chaki zake, na baiskeli yake isiyo na breki. Yale maguta manane yaliyobaki yalifungwa fremu kwa mchoro ambao tayari alikuwa ameuacha kwa fundi, benchi likasogezwa mbele, na yakapandisha watu mlima ule hadi mashua zilipokoma, bila hata moja kunyanyua gurudumu. Mimi nikapandishwa cheo. Nikapewa ufunguo wa kabati la mhuri.

Watu wa Ujiji wana midomo. Nilisikia sokoni mzee fulani akitajwa kuwa ndiye aliyekula kitu kidogo akawaangusha wakimbizi. Nilikuwa nachagua nyanya. Nikaendelea kuchagua nyanya. Kama kuna jambo moja katika maisha yangu ambalo ningelipa chochote kulirudia, si mhuri, ni zile nyanya.

Miaka ikapita. Shirika likafunga yadi, nikaanza shughuli yangu ya mawese, nayanunua vijijini na kuyauza mjini. Nikanunua guta lililotumika. Dereva aliyeniletea akaniambia kabla sijalipakia nilipeleke Mwandiga, kuna mzee kando ya barabara anakagua maguta, hana ofisi wala bango, ila akikuandikia BADO, hata abiria wanakataa kupanda. Nikamwuliza anaandika kwa kitu gani. Akasema kwa chaki. Niliahirisha wiki mbili kwa visingizio vya kila aina, kisha nikaenda mwenyewe, nimepakia madumu manne ya mawese ili asinirudishe kwa kuleta gari tupu.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya banda la fundi baiskeli. Alikuwa amekonda, mikono ikitetemeka hata bila kushika kitu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Karani," akasema, kama niliyetoka kununua wino. Swali lake la kwanza lilikuwa kama yule mama anatembea. Nikamwambia anatembea, anachechemea, nilikuwa nikimtembelea kambini hadi aliporudi kwao na mumewe. Akasema ego, vizuri. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta, na ilikuwa na breki, mbele na nyuma. Aliona ninavyoitazama. Akanieleza kwamba siku hizi anampakia mjukuu.

Akalizunguka guta langu mara mbili, akanusa ngoma za breki, akaligonga difu kwa fimbo huku ameweka sikio. Kisha akakaa yeye kwenye kiti cha dereva na kunionyesha bodi. Nikapanda. Nikakaa sakafuni kati ya madumu, uso nyuma, kama alivyonifundisha. Aliposhika usukani mikono ilitulia.

Nje kidogo ya Mwandiga pana kilima. Alilipandisha kwa gia ya kwanza, taratibu, injini inanguruma. Tulikuwa tumepeana migongo. Sikuuona uso wake, naye hakuuona wangu, barabara inanikimbia mbele ya macho. Hapo ndipo nilipoweza.

"Mzee, ile mihuri ya Bangwe niliigonga mimi."

Akakanyaga breki katikati ya mlima. Akazima injini, akavuta breki ya mkono.

"Rudia, Karani. Injini ilikuwa inapiga kelele."

Nikarudia. Safari hii palikuwa kimya, nikalisikia kila neno. Nikaongeza na ya kitambaa, na ya nyanya.

"Nilijua palepale kwenye kikao," akasema bila kugeuka. "Mhuri wa ile fomu umesimama wima. Lini mhuri wangu ulisimama wima?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliubeba.

"Ulikuwa mtoto. Na ni kweli niliuacha mezani. Lakini nilikungoja. Watu waliniuliza kama mimi ndiye niliyelipitisha lile guta, nikawajibu ego. Kila mara nikasema atakuja. Umekawia, mwanangu."

Nililia, na sikujificha. Hakunibembeleza. Nilipotulia, mkono wake ukaja kwa juu ya bega lake umeshika daftari la shule na kalamu, vyote vinatetemeka.

"Andika."

Nikaandika tarehe, namba ya guta, mzigo madumu manne na mtu mmoja. Chini yake nikaandika kwamba maguta tisa ya Bangwe hayakupitishwa na Mkaguzi, aliyakataa yote, na kwamba mhuri uligongwa na karani. Nikaandika majina yangu yote matatu. Guta lilikuwa limesimama tuli, lakini herufi zilikuwa zimeruka kama za siku ya kwanza. Nikageuka nikampa. Alilisoma amelinyoosha mbali na macho, akapitisha kidole kwenye mistari, akakawia pale kwenye jina. Kisha akalirudisha kwa juu ya bega.

"Na breki ya mkono?"

Nikatazama chini, kwenye mteremko wote ule uliokuwa unatungoja.

"Imeshika, Mzee."

"Andika na hilo."